Panya Mwenye Hina

Mjukuu wangu anakaa Upanga, ghorofani, na juzi aliwanunulia wanawe panya weupe wawili. Kawaweka sebuleni kwenye sanduku la kioo, kawatandikia maranda ya mbao, kawatilia na kigurudumu cha kuchezea kama watoto wa sultani. Nilipofunguliwa mlango tu, kabla sijavua viatu, ile harufu ikanipokea: maranda yaliyolowa mkojo, mahindi yaliyoanza kuvunda, na ule ujotojoto wa manyoya ya kitu kidogo kinachopumua haraka. Nikapita moja kwa moja hadi roshani nikakaa huko.

"Bibi, kumbe unaogopa panya!" mjukuu akanicheka.

"Siogopi panya," nikamwambia. "Naogopa wakinyamaza."

Alidhani namtania. Mimi si mtu wa utani, na shule yangu ni ndogo. Nilitolewa nilipojua kusoma barua na kuijibu, wakasema inatosha kwa mtoto wa kike. Lakini hili nimeona niliandike mwenyewe, kwa mkono wangu, maana wengi waliokuwemo kwenye ile nyumba wametangulia mbele ya haki, na nyinyi ambao hamkuwepo mtakuja kuambiwa vingine.

Nyumba ilikuwa ya bibi yangu, Kariakoo, nyuma kidogo ya soko, wakati mitaa ile bado ina nyumba za chini zenye baraza, kabla ya haya maghorofa yanayoziba jua. Ukivuka baraza unaingia ukumbi mrefu wenye giza hata mchana, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi unatokea uani, kwenye jiko na bomba. Chumba cha mbele tulilala bibi na mimi. Cha kutazamana nacho alipanga Mama Zuhura, mjane, aliyekaanga vitumbua barazani kila asubuhi, pamoja na binti yake Zuhura, rika langu. Cha mwisho kabisa, ambacho dirisha lake lilitazama uani, kilikuwa cha mjomba wangu Hamisi na chatu wake.

Naam, chatu, wawili, wenye unene wa mkono wa mtu mzima. Mjomba alikuwa mcheza ngoma. Aliachiwa nyoka wale na Msukuma mmoja aliyewahi kupanga kwetu, akajifunza kwake kuwachezea, na sikukuu au harusi ikitokea huitwa, akaenda na kapu lake begani na watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Siku nyingine zote nyoka walikaa chumbani mwake, ndani ya kasha la mbao lenye kifuniko cha wavu.

Sasa chatu hali wali. Na panya wa mtaani mjomba hakuwataka, kwa sababu sokoni kila mwenye duka alitega sumu, na chatu akimeza panya mwenye sumu wanakwenda wote. Kwa hiyo alifuga wake mwenyewe. Panya weupe, macho mekundu, uani, kwenye sanduku kubwa lililokuja na majani ya chai, ubavu mmoja kaung'oa akapigilia wavu mwembamba. Miguu ya sanduku aliisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili siafu wasipande. Maranda tuliyaokota kwa maseremala wa Gerezani, chenga za mahindi tulizifagia chini ya mizani za wauza nafaka. Bibi alikuwa akisema panya wale wanakula kwa saa kuliko wajukuu zake, na ilikuwa kweli.

Kazi ya kuwalisha ilikuwa yangu na Zuhura. Mjomba alitupa amri mbili. Ya kwanza, tusiwape majina. "Mkishawapa majina mtanililia," alisema. Ya pili, anayetoka chumbani kwake asiguse sanduku kabla hajanawa kwa sabuni ya mche hadi kwenye viwiko. Hii ya pili hakutueleza sababu, na hatukuhitaji. Tuliiona wenyewe. Panya hawatulii, mchana kutwa ni kukwaruza, kutafuna, kugombana, na sisi tulishaizoea sauti ile kama mnavyoizoea feni. Lakini mjomba akitokea ukumbini mikono bado ina harufu ya nyoka, hata hajafika, sauti ile ilikatika yote kwa mara moja. Ukichungulia unawakuta wamesimama kwa miguu ya nyuma, vidole vimeshika kifua, wote wamegeukia upande mmoja. Hawakimbii. Hawalii. Wanangoja. Mpaka leo sijaona kitu kilichonisisimua mwili kama kile.

Mtaani walisema mengi. Walisema Hamisi anafuga nyoka wa utajiri, na kwamba kila panya mle sandukuni ni roho ya mtu. Walikuja kuazima chumvi wakaishia barazani, shingo ndefu kama twiga. Bibi aliwajibu palepale: "Kama ana jini la pesa, mbona bati langu linavuja?"

Zuhura ndiye aliyevunja ile amri ya kwanza. Alikuwa mtoto mtundu, mwenye kicheko cha kuamsha mgonjwa, na ni yeye peke yake aliyeniita Kibogoyo, kwa sababu meno yangu ya mbele yalichelewa kuota. Karibu na Idi bibi alitwanga hina, tukapakwa viganja. Zuhura akachota iliyobaki kwa kidole, akamtoa panya mmoja jike mwenye sikio lililochanika, akamchora doa mgongoni.

"Huyu anaitwa Zuhura," akasema. "Mimi mwenyewe. Asiliwe."

Idi ikapita. Haikuchukua muda Zuhura akashikwa na homa. Ilianza kama homa zetu zote, mwarobaini na shuka, halafu shingo ikakakamaa, akapatwa na degedege, akabebwa hospitali kubwa kule Upanga. Sisi watoto hatukuruhusiwa kwenda. Mama Zuhura alikuja siku moja kuchukua kanga za kubadili, macho yamemtumbukia ndani, akasimama uani mbele ya mjomba.

"Hamisi, mwanangu anaweweseka. Anasema asiliwe. Kila akifumbua mdomo, asiliwe, asiliwe. Nini hicho?"

Mjomba akanitazama mimi. Nikaeleza habari ya hina na jina. Mama Zuhura akaja hadi kwenye wavu, akamtafuta yule mwenye doa, akamtazama kama unavyomtazama mtu unayemdai uhai wako.

"Yule akiliwa," akamwambia mjomba taratibu, "mwanangu amekufa. Na nitajua nani kamuua."

Mjomba alikuwa mtu wa kucheka kila jambo. Hilo hakulicheka. Alimtenga yule panya kwenye kibanda cha peke yake, akanikabidhi.

Nilimtunza kweli. Nilimpa hadi vipande vya vitumbua. Asubuhi moja nikamkuta amelala ubavu, mguu umenyooka, amekuwa mgumu kama kiatu kilichonyeshewa kikakauka. Hakuliwa na chatu wala na nani. Panya hufa tu, basi. Nikamwita mjomba kwa kidole. Akamwinua kwa mkia, akatazama kule ukumbini kama kuna mtu, akamfunga kwenye gazeti. Kisha akatoa panya mwingine sandukuni, akaenda kuikoroga hina iliyobaki kwenye kibakuli cha bibi, akampaka doa mgongoni, palepale.

"Zuhura ndiye huyu," akaniambia. "Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na mama yake akija utasema hivyohivyo."

Nikamtazama yule mpya. Alikuwa mnene, masikio mazima, hanijui. Nilimwita jina, akanipa mgongo.

Siku chache baadaye Zuhura akarudi.

Nawaambieni ukweli, nyinyi mnaosoma, kama nilivyouona kwa macho ya mtoto. Alishuka kwenye teksi amenyolewa kichwa, amekonda, miguu yake inatafuta ardhi kama mlevi. Nikamwita kutoka barazani, "Zuhura!" Akapita. Nikamwita tena nyuma yake, akaenda zake, mkono ukutani. Alikuwa hacheki. Alikuwa hasemi. Alikaa uani anatazama midomo ya watu kwa macho makali yasiyopepesa, kama anataka kuitoa akaondoka nayo. Nami nikajua moyoni mwangu kilichofanyika. Kama mjomba alivyombadilisha panya, ndivyo walivyombadilisha Zuhura. Zuhura wetu alifungwa kwenye gazeti lake huko hospitali, huyu wamempaka doa tu.

Sikumwambia mtu. Wala sikuhitaji, maana Mama Zuhura alifika palepale bila mimi. Kwanza alisema mtoto amechoka. Kisha akasema ana kiburi. Halafu nikamsikia jikoni anamwambia bibi, anakwangua kikaango huku machozi yanamtoka: "Mama, yule si mwanangu. Mwanangu namwita anakuja. Yule namwita ananipa kisogo. Nilimzaa mimi, nitashindwa kumjua?"

"Ugonjwa umemchosha," bibi akasema. "Mpe muda."

"Ugonjwa gani wa kusahau jina?"

Hakumpa muda. Alikwenda kwa mganga upande wa bondeni, Jangwani, akarudi na kidawa kwenye kitambaa na maneno. Hayo maneno aliyasema hadharani, barazani, wateja wa vitumbua wanasikia. Kwamba Zuhura wa kweli amefichwa kwenye chumba cha nyoka. Kwamba huyu wa bandia aingizwe humo baada ya sala ya alasiri, kasha liwe wazi, mlango ufungwe, na yeye mama asimame nje akimwita mwanawe kwa jina. Akiitika, ni Zuhura karudi, na mlango ufunguliwe. Ukifunguliwa kabla hajaitika, hatarudi milele.

Bibi alimwambia akaitupe jalalani ile dawa. Mjomba alimwambia akirudia maneno hayo atahama. Mama Zuhura akainamisha kichwa, akasema amesikia, na watu wazima wakaridhika. Alasiri ya Ijumaa mjomba akiwa bado msikitini na bibi yuko barazani anachambua mchele, Mama Zuhura alichukua ufunguo wa mjomba pale juu ya mlango ulipokaa siku zote, kwa sababu nyumba zetu hatukufichana funguo.

Mimi nilikuwa uani nawatilia panya chenga. Ghafla wakanyamaza.

Nikageuka nikidhani ni mjomba. Hapakuwa na mtu. Panya wote wamesimama, wamegeukia dirisha la chumba chake, ambalo mbao zake zilikuwa zimerudishwa. Ndipo nikasikia kutoka ukumbini sauti ya Mama Zuhura, ya chini, ya kubembeleza, kama anayemwamsha mtoto kwenda shule.

"Zuhura. Zuhura mwanangu. Itika. Zuhura."

Nilikwenda mbio. Alikuwa kasimama mbele ya mlango, paji la uso limegusa mbao, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga kifuani. Bibi naye alikuwa amefika, ungo bado mkononi.

"Fungua," bibi akasema.

"Hajaitika."

"Fungua mlango wangu, we mwanamke!"

"Mama, nikifungua kabla hajaitika nimempoteza. Atakuwa huyu huyu siku zote. Niache nimwite. Zuhura!"

Bibi akatupa ungo, akamshika mikono. Mama Zuhura alikuwa na nguvu kama za watu wengi. Mchele ulimwagika ukumbi mzima, wanateleza juu yake, wanashikana, na katikati ya vurugu ile yeye bado anaita kwa sauti ileile tamu. Kutoka ndani hakukujibu kitu. Hata kilio.

Mimi nikarudi uani, nikapanda juu ya sanduku la panya. Chini ya miguu yangu kimya kile, vifua vingi vinapigapiga. Nikavuta mbao za dirisha zikafunguka, nikashika nondo, nikatazama ndani.

Mwanzoni sikuona kitu kwa giza. Kisha nikamwona. Amekaa sakafuni, amekumbatia magoti, kanipa mgongo. Kifuniko cha kasha kilikuwa wazi. Chatu mmoja alikuwa amelala pembeni kama kamba ya kuvutia gari. Wa pili alikuwa njiani, tumbo lake linasema shaa, shaa juu ya sakafu, anamwendea kwa nyuma, pole pole, kichwa kimenyanyuka kidogo. Angemfanya nini, sijui. Mjomba baadaye alisema hakuna kitu. Lakini mjomba hakuwepo dirishani.

"Zuhura! Nyuma yako!" nikaita. Hakugeuka. Nikachukua kopo la kuchotea chenga nikapiga nondo hadi masikio yakaniuma. Mtaa wa pili walisikia. Zuhura hakutikisa hata bega. Mlangoni mama yake anaita, dirishani mimi napiga kopo, nyuma yake nyoka anakuja, na yeye amekaa katikati yetu sote kama yuko peke yake duniani.

Kilichomgeuza ni kivuli. Jua la alasiri lilikuwa mgongoni kwangu, na nilipoinua mkono kupiga tena, kivuli cha mkono na kopo kikapita ukutani mbele yake. Akageuka. Akaniona. Na uso wake ukafunguka wote.

"Kibogoyo!" akapiga kelele, kwa sauti nene, isiyo na mwendo, kama mtu anayesemea ndani ya pipa. "Kibogoyo, panya wangu umempeleka wapi? Yule si wangu! Wangu sikio limechanika!"

Mle ukumbini mama yake akaacha kuita. Kisha nikasikia ufunguo ukihangaika kwenye tundu.

Mama Zuhura aliingia akikimbia. Hata nyoka hakumwona, alimruka. Alimnyanyua mwanawe, akatoka naye hadi uani kwenye mwanga, akamkalisha kwenye kibao cha nazi. Hapo alifanya kitu ambacho nilikiona bila kukielewa. Alizunguka nyuma ya Zuhura. Akasimama karibu, mdomo karibu uguse kile kichwa kilichonyolewa, akasema taratibu, "Zuhura." Mtoto anachezea maganda chini. Akasema kwa nguvu. Kisha akapiga makofi mawili makubwa, kulia na kushoto ya kichwa chake. Mimi niliruka. Zuhura aliendelea kuokota maganda.

Mama Zuhura akakaa chini pale pale, kwenye maji ya bomba, akalia. Nimesikia watu wakilia misibani maisha yangu yote, na bado sijasikia kilio kama kile.

Mjomba aliporudi msikitini bibi hakumpa nafasi ya kuvua kofia. "Hao wadudu wako na wewe mwenyewe, chagua nani anahama." Nyoka wakahama wiki ile, wakaenda kwa mcheza ngoma mwenzake. Panya walibaki, wakazaana kwa vile hakuna wa kuwala, hadi bibi akajutia ushindi wake.

Na Zuhura alikua. Tulitengeneza lugha yetu ya vidole na nyuso, na matusi yamo. Aliolewa, akazaa, leo ana meza ya viatu Mchikichini, na mteja akijaribu kumpunja anamsoma mdomo kabla hajamaliza kufikiria. Mama yake hakumwita tena kwa sauti. Akimtaka, aliacha alichoshika, akamzunguka, akaja kusimama mbele yake.

Lakini kile kilio kilinisumbua miaka mingi. Nilijiuliza, analia nini? Si ameshajua kwamba ni yeye? Si alikuwa anamtafuta, na kampata, mzima, hajang'atwa, anamjua hata panya wake? Nilidhani ni furaha. Watu wazima hulia kwa furaha, tuliambiwa.

Ilinibidi nizae mwenyewe, niuguze mwenyewe, nikae mwenyewe kwenye benchi la hospitali nikingoja mtu mwenye koti jeupe aseme neno, ndipo nikaelewa. Wakati wote ule Mama Zuhura alikuwa na watoto wawili. Mmoja ni huyu aliye naye, asiyegeuka akiitwa. Wa pili ni yule mwenye masikio, aliyefichwa mahali, ambaye mama akiita sana, akiita vizuri, ataitika siku moja na kurudi nyumbani. Kwa ajili ya yule wa pili aliweza kumfungia wa kwanza na nyoka. Jioni ile pale uani alipewa mmoja mkononi, na yule mwingine akamzika bila sanda wala matanga, na sisi tukasimama pembeni tukimpa pongezi.